Vipande vya Mkaa Mlangoni

Pale mtaani kila mtu alikuwa na majina mawili: la mdomo, alilopewa na wazazi wake, na la mikono, alilopewa na nyumba ya fundi cherehani bila yeye mwenyewe kuwa na habari. Muuza nyama alikuwa kidole kinachopita juu ya nyusi, kwa sababu ya kovu lake. Mzee wa duka la misumari na rangi alikuwa kiganja kinachosugua kitambi. Mwenye nyumba, ambaye kila akija hugonga kuta kama anayechagua tikiti maji, alikuwa ngumi inayobisha hewani. Hakuna aliyekuwa ametukanwa. Katika nyumba ile ukiwa na pua kubwa unaitwa pua kubwa, na siku ukinenepa unaambiwa umenenepa, kisha unavutiwa kiti.

Fundi cherehani na mumewe, seremala, walikuwa viziwi wote wawili. Binti yao wa miaka kumi alikuwa anasikia, tena anasikia hadi yasiyomhusu. Watu walimwita Kasuku, maana ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba nzima: kwa mwenye nyumba, kwa wateja, hata kwa mwalimu wake mwenyewe alipokuja kumshtaki, na hapo tafsiri ilikuwa fupi sana. Kwa mikono jina lake lilikuwa kidole shavuni, kwa ajili ya kishimo kinachoonekana akicheka. Mdogo wake wa kiume, mnene, anayetambaa kwa kasi ya mtu anayeachwa na basi, mtaa ulimwita Bonge.

Kazi ya Kasuku ilikuwa nzito kuliko umri wake, na hapakuwa na aliyejua uzito wake kwa sababu hakumwambia mtu. Mteja akija na suruali mkononi akasema, "Mwambie bubu huyo amenibana huku," Kasuku aliinua mikono na kusema, "Anaomba umwongezee nafasi kidogo kiunoni." Mama naye akijibu kwa uwazi wa kwao, "Suruali haina kosa, tumbo lako ndilo limekua," Kasuku alifungua mdomo na kusema, "Mama anasema samahani, ataitazama." Kila upande uliondoka ukiamini kwamba upande wa pili una adabu za ajabu. Mama alipenda kusema kwamba wamejaliwa mtaa wenye watu wapole. Kasuku akiitazama mikono ya mama yake ikisema hivyo, alijisikia kama mtu aliyejenga nyumba nzuri akawapa wazazi wake waishi ndani. Yeye mwenyewe aliishi nje yake, mahali ambapo maneno yote yanasikika.

Mtaa wa Kasuku, ule aliouficha, ulipimwa kwa ndimi. Kwenye kona palikuwa na saluni, na mama wa saluni alikuwa na ulimi wa asali. "Karibu malaika wangu. Mama hajambo? Mama yako ana moyo, jamani, ana moyo." Kasuku akifika hapo mabega yake yalishuka, akatembea polepole ili asikie zaidi.

Lakini mkabala na mlango wao, ng'ambo ya mtaro, palikuwa na kibanda cha mkaa. Mama wa mkaa alikuwa mjane, mweusi wa vumbi hadi kwenye kope, mkono mmoja kiunoni saa zote, hata kupima mkaa alipima kwa mkono uliobaki. Nyumba ya fundi ilimwita hivyohivyo: mkono kiunoni, uso umekunjwa. Wanasema ulimi hauna mfupa. Wake haukuwa na breki pia. Watoto wakichezea magunia yake aliwafukuza kwa kelele, "Tokeni hapa, kabla sijawapeleka kwa mabubu wawakate ndimi!" Na watoto walikimbia kweli, wakapita mbele ya mlango wa Kasuku wamejiziba midomo. Shuleni walikuwapo waliokataa kukaa naye dawati moja mpaka awaonyeshe ulimi wake kwanza.

Siku moja mama wa mkaa alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Wewe Kasuku! Mwambie mamako amfunge huyo mtoto kamba mguuni kama mbuzi, atakuja kumfia hivihivi!"

Mama alikuwa mlangoni, akauliza jirani anasema nini. Kasuku akainua mikono. "Anasema mtoto amependeza."

Mama akatabasamu, akagusa kidevu kwa ncha za vidole na kuushusha mkono mbele, ndiyo ahsante yao. Mama wa mkaa akaduwaa.

"Namsema, ananishukuru," akaliambia gunia lake.

Baada ya siku ile ndipo vilipoanza vipande vya mkaa. Kasuku akirudi kutoka shuleni alivikuta kizingitini, vingine ndani kabisa karibu na kanyagio la cherehani, vidogo, ukubwa wa karanga. Mtoto wa mama wa saluni, aliyesoma naye darasa moja, alikuwa amebaki nyumbani siku hizo kwa homa, na yeye ndiye aliyemletea habari.

"Ni mama wa mkaa. Nimemwona kwa macho yangu. Anamtupia mama yako mgongoni, kama anafukuza kuku."

Huyo mtoto alitia chumvi, lakini Kasuku hakujua. Joto lilimpanda hadi masikioni. Shuleni alikuwa amejifunza vizuri maana ya kutupiwa kitu. Iwe ganda la ndizi, iwe kipande cha chaki, anayekurushia amekwisha kukuambia wewe ni nani machoni pake. Hakumwuliza mama, maana kumwuliza kungekuwa kuibomoa ile nyumba nzuri kwa mikono yake mwenyewe. Badala yake kila akirudi alishika ufagio kabla hata ya kuvua viatu, akavifagia vipande vyote mpaka mtaroni. Mama akamsifia kwa baba kwamba binti yao amekuwa msafi bila kuambiwa.

Kisha mama akapata kazi. Karakana moja ya kushona sare za shule ilihitaji mafundi, msimamizi akaona kola alizoshona mama, akasema aanze Jumatatu. Nyumbani ilikuwa faraja, kwa sababu tangu watu wagundue viti vya plastiki seremala alikuwa anashinda akinoa randa isiyo na mbao. Lakini kwa mama palikuwa na jambo kubwa kuliko mshahara. Katika karakana ile walikuwamo wanawake watatu viziwi. Angekaa kutwa nzima na watu wa lugha yake, akipiga soga bila mkalimani. Alipokuwa akieleza hilo mikono yake ilikwenda mbio hata vidole vikagongana, na Kasuku hakuwa amewahi kuviona vikigongana.

Kikwazo kilikuwa Bonge. Watoto hawakuruhusiwa karakanani, na kijiweni kwa baba, penye misumeno, hapakuwa mahali pa mtu anayeokota kila kitu na kukionja. Bibi yao aliishi mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Asipopatikana wa kukaa na Bonge, basi ama mama aiache kazi, ama Kasuku aache shule kwa muda. Hiyo "kwa muda" Kasuku aliijua. Msichana wa uchochoro wa pili aliacha shule kwa muda, na hadi leo anabeba ndoo za watu.

"Mama wa saluni," Kasuku akasema mara moja.

Mama akatikisa kichwa. Akaweka mkono kiunoni, akakunja uso.

Kasuku akadhani ameona vibaya. "Yule?"

"Yule."

Wakavuka mtaro Jumamosi asubuhi, Bonge akiwa ubavuni kwa mama. Mama akasema, na mikono yake ilikuwa mitulivu: "Jirani, nimepata kazi. Naomba ukae na mwanangu mchana, nitakulipa. Wewe ndiye ninayekuamini." Kasuku alilitafsiri hilo karibu lote. La mwisho alilimeza.

Mama wa mkaa akajipangusa viganja, akamtazama Bonge, akamtazama mama, akamtazama tena Bonge. "Mimi? Na vumbi lote hili? Watu watasema mabubu wamekosa pa kumweka mtoto wakamtupa kwenye mkaa. Haya, mwambie amlete. Hata leo amwache."

Katika maneno yote yale Kasuku alisikia moja tu: mabubu. Likamjaa kichwani mpaka hapakubaki nafasi ya mengine. Akamgeukia mama yake. "Amekataa," mikono yake ikasema. "Anasema hana nafasi."

Lakini mama hakuwa akiitazama mikono ya Kasuku peke yake. Alikuwa akimtazama mama wa mkaa usoni, na mama wa mkaa alikuwa amekwisha nyoosha mikono yote miwili, hata ule wa kiunoni, na Bonge, msaliti mdogo, amekwisha inama kwenda kwake.

"Mdomo wake umesema nini?" mama akauliza tena.

"Amekataa."

"Mikono yake inampokea mtoto wangu, na wewe unaniambia amekataa."

Kasuku akatazama chini. Mama akamwinamishia jirani kichwa kuomba radhi, akamshika binti yake kifundo cha mkono, wakavuka mtaro kurudi. Mama wa mkaa akabaki na mikono mitupu, hajui kapewa nini wala kanyang'anywa nini.

Nyumbani mama alimkalisha Kasuku dirishani penye mwanga, mahali ambapo hakuna pa kuficha uso wala vidole. Baba alikuwa upande wa pili wa chumba akipiga msasa mguu wa meza. "Sema," mama akasema.

Kasuku akasema. Alianza kidogokidogo, kisha mikono ikamshinda nguvu, yakatoka yote: bubu, kukatwa ndimi, dawati, kuonyesha ulimi, wateja na suruali zao, kamba mguuni kama mbuzi. Mama hakumkatiza. Kasuku alipofika kwenye mkaa tu, ndipo mama aliposhtuka.

"Mkaa gani?"

"Mama wa mkaa anakutupia vipande mgongoni kama kuku. Mimi navifagia usivione."

Mama akatazama kizingiti, kisha akatazama cherehani yake. Akaokota kipande cha kitambaa, akakiviringa, akakirusha kule kwa baba. Kikatua mezani mbele yake. Baba akageuka na msasa mkononi. "Nini?"

"Hakuna kitu. Namkumbusha binti yako jinsi watu wanavyoitana."

Baba akaguna kwa mabega, akarudi kwenye mguu wake wa meza.

Kasuku alikuwa ameliona jambo lile tangu siku aliyofumbua macho. Katika nyumba ya viziwi humwiti mtu kwa kumtaja. Unakanyaga sakafu kwa kishindo, unazima taa na kuiwasha, na ukiwa mbali unarusha kitu chepesi kitue mbele yake. Yeye mwenyewe alikuwa akifanya hivyo kila siku bila kufikiri. Lakini akishavuka kizingiti alivaa macho ya shuleni pamoja na sare, na kwa macho hayo kitu kinachorushwa kilikuwa na maana moja tu.

"Mwanga unaingia huku," mama akasema, akionyesha dirisha. "Nikishona, mlango uko nyuma yangu. Siku moja Bonge alitoka hadi ukingoni mwa mtaro, mimi nashona. Kipande cha mkaa kikaja kugonga kisigino changu. Nikageuka, nikamwona yule mama ng'ambo amenyoosha kidole, uso umemsawijika. Tangu hapo kila Bonge akivuka kizingiti, mkaa unaingia. Hakuna aliyemfundisha. Kafikiri mwenyewe jinsi ya kumwita kiziwi."

"Na mama wa saluni?" Kasuku akauliza, kama mtu anayetafuta pa kushika.

"Huyo akinipa mkono, hujipangusa kwenye aproni nikishageuka. Kioo chake kikubwa, naona. Anasema nini, mimi sijui. Wewe ndiye unayejua."

Kasuku akakumbuka vilemba vya ukoka vyote alivyovikwa pale kwenye kona, na hakukumbuka hata mara moja kuitazama ile mikono.

Mama alikuwa bado hajamaliza. "Alikuambia nimfunge mtoto kamba. Ukaniambia amependeza. Siku ile mimi nilishukuru nini?" Uso wake ulikuwa na hasira kweli, hasira ya mtu aliyeuona mtaro baada ya kuuvuka gizani. "Nilikuomba masikio, mwanangu. Wewe ukanipa peremende."

Kasuku akaanza kulia. Mama alimtazama, na hasira ikamtoka taratibu, pakaingia kitu kingine kibaya zaidi.

"Maneno hayo yote umeyasikia peke yako? Tangu lini?"

"Tangu nianze shule."

Mama hakumwambia kwamba maneno hayaumi. Yeye mwenyewe alikuwa amesontwa vidole tangu utotoni, na kidole cha mtu kinasomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Akamvuta, akamkumbatia. Mtu anayesema kwa mikono akikukumbatia, ananyamaza. Walikaa hivyo wamenyamaza wote wawili, kiganja cha mama kikimgonga mgongoni taratibu, mpaka baba akaacha msasa na kuja kusimama karibu, asijue pa kuweka vumbi lake.

Mama alipomwachia, alisema, "Kuanzia leo nipe kama yalivyo. Machungu, nipe machungu. Nitayatema mwenyewe. Mimi ndiye mama."

Wakarudi ng'ambo. Mama wa mkaa alikuwa akimalizana na mteja, mkono kiunoni.

"Shikamoo," Kasuku akasema.

"Marahaba. Mmerudi? Nilidhani uso wangu umewakimbiza."

Kasuku akapiga moyo konde. Alisema kwa mdomo, na kila alichokisema alikirudia kwa mikono, ili mama naye apate. "Nilidanganya. Wewe ulikubali, mimi nikamwambia mama umekataa. Kwa sababu unatuita mabubu. Baba na mama si mabubu, ni viziwi, na wana lugha yao. Na hatujawahi kumkata mtu ulimi."

Mama wa mkaa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule hakikutoka kitu. Akatazama magunia yake, akaviweka sawa vikopo vya kupimia ambavyo vilikuwa sawa tayari.

"Nilikuwa nawatisha watoto wasichezee mkaa wangu," akasema mwisho. "Sikufikiri kama na wewe ni mtoto, unasikia." Akapangusa pua, akazidi kujichafua. "Mwambie mama yako mdomo wangu ni mchafu kuliko hii mikono. Marehemu mume wangu aliniambia hivyo mpaka anaingia kaburini. Mwambie anisamehe. Na wewe pia."

Kasuku akatafsiri kama yalivyo, hata la kaburi. Mama akamsikiliza kwa macho, akafikiri, akajibu. Kasuku akasita. Mazoea ya zamani yalimpanda hadi kwenye ncha ya ulimi, akayarudisha chini.

"Mama anasema, huo mdomo wako unaousema, yeye hajawahi kuusikia."

Mama wa mkaa alicheka mpaka akashikilia nguzo ya kibanda. Mama alikuwa akicheka pia, kwa ile sauti yake nene ambayo Kasuku alikuwa akiionea haya mbele za watu, na safari hii haya hazikuja.

"Viziwi," mama wa mkaa akasema, kama anayepima neno kwenye kopo.

"Viziwi."

"Haya. Na mimi kwenu naitwa nani? Usiniambie sina jina, mtaa mzima umenipa majina."

Kasuku akamtazama mama yake, mama akakubali kwa kichwa. Basi Kasuku akaweka mkono kiunoni, akakunja uso. Mama wa mkaa akautazama mkono wake mwenyewe, mahali ulipokuwa. Akauondoa, akakosa pa kuuweka, akaurudisha palepale.

"Lingekuwa baya zaidi," akasema. "Mlete mtoto."

Jumatatu Kasuku alitoka shuleni na mtoto wa mama wa saluni. Penye kona waliitwa malaika kama kawaida, na Kasuku akaitikia kwa heshima, ila leo aliitazama na mikono. Ilikuwa inasuka nywele za mtu, haikuwa na ubaya wowote. Kwenye kibanda cha mkaa Bonge alikuwa amefungwa mguu kwa utepe wa kitambaa kwenye nguzo, mweusi tii, ana raha zake. "Kula mkaa wangu uone," mama wa mkaa alikuwa akimkemea, huku akimtoa chenga za mkaa mdomoni kwa kidole. "Nitakuuza kwa kopo."

Jua lilipokuwa linashuka mama akaonekana mwanzo wa mtaa na wenzake wawili wa karakanani, mikono yao ikiongea yote kwa pamoja. Wakaagana. Mama akapita upande wa nyumbani, akainama kwenye kufuli la mlango, mgongo huku. Bonge akamwona, akaanza kupiga kelele za kumwita mama yake, akapiga na kupiga, na mgongo ule haukugeuka.

"Mwite mamako," mama wa mkaa akasema, akampa Kasuku kipande kidogo.

Kasuku akakirusha. Kikapita juu ya mtaro, kikaanguka kizingitini, kikabingirika hadi kwenye kisigino cha mama. Mama akageuka akiwa amekwisha weka mkono kiunoni, kwa kuwa alidhani anajua nani anamwita. Kisha akamwona binti yake, na mkono ukapanda, kidole shavuni.

Mtoto wa mama wa saluni alikuwa amesimama kando, macho yamemtoka. "Unamtupia mama yako mkaa?"

"Namwita," Kasuku akasema.

Yule mtoto akafikiri. Akautazama mlango, akamtazama mama wa Kasuku, ambaye alikuwa akimpungia na yeye. Akainama akaokota kipande, akauliza kama anaweza kujaribu.

"Chini," Kasuku akamwambia. "Kitue mbele yake, akione."